Darasa la wajawazito hapa Moshi: namna ya kulihudhuria likufae siku ya leba

Mimba yangu ya kwanza sikuhudhuria darasa lolote. Nilikwenda kliniki, nikapimwa uzito na presha, nikameza vidonge vya kuongeza damu, nikarudi zangu Pasua. Niliamini kuzaa ni kazi ya mwili na mwili wenyewe unajua. Uchungu uliponishika niliingia leba bila kujua "njia" wanayoisema ni kitu gani, wala kwa nini nesi akinipima anasema "bado" halafu anaondoka. Nilipoambiwa nisisukume, nilisukuma. Nilipoambiwa nisukume, nguvu zilikuwa zimeisha. Mtoto alizaliwa salama, lakini nilitoka pale na hasira ambazo mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Mimba ya pili nilihudhuria madarasa manne, mawili nikiwa na mume wangu na moja nikiwa na mama mkwe. Uchungu ulikuwa uleule. Mtu akikuambia darasa lake linaondoa uchungu, jua ana kitu cha kuuza. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kila jambo lililofuata nilikuwa nimeshalisikia, na aliyekuwa pembeni yangu naye alikuwa amelisikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo walivyosema wahenga, ila hawakusema lazima aujue akiwa mbumbumbu.

Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kuchagua darasa, kulihudhuria na kulitumia, kwa anayetarajia kujifungulia hapa mjini au vijiji vya mlimani. Jambo moja liweke kichwani tangu mwanzo: darasa linalofaa ni lile linalokuandaa kwa leba utakayoingia wewe, kwenye hospitali uliyoichagua wewe. Leba ya kwenye video za Marekani, yenye chumba cha mtu mmoja, beseni la maji ya moto na muziki, ni nzuri kutazama, basi.

Anza na benchi la kliniki

Darasa la kwanza tayari unalo, na ni bure. Kwenye vituo vingi, kabla ya kuanza kupima uzito, sista husimama mbele ya mabenchi akatoa elimu ya afya: leo dalili za hatari, kesho lishe, siku nyingine maandalizi ya kujifungua. Wengi wetu huwa tunahesabu foleni au tunachezea simu. Wengine hufika saa 4 asubuhi, somo limeshapita, wakabaki wakidhani kliniki ni mahali pa kupimwa tu.

Kwa hiyo fika mapema, kabla ya saa 2, ukae mbele. Hudhurio la kwanza liwe kabla mimba haijafikisha wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na hizo ni asubuhi 8 za somo kama utazitumia. Beba kidaftari. Mimi niliandika nyuma ya bahasha ya matokeo ya vipimo, nikaipoteza, kwa hiyo nakuambia kidaftari.

Ukishapimwa, muulize sista wa zamu swali hili: "Hapa mna darasa la wajawazito lenye siku yake, au mnafahamu mkunga anayefundisha?" Hospitali nyingine, hasa za mashirika ya dini na za binafsi, hupanga vipindi maalumu. Wapo pia wakunga wastaafu wanaofundisha vikundi vidogo nyumbani, na wengi wao hawajibandiki tangazo popote. Hupatikana kwa kuulizia kanisani, msikitini, kwenye vikoba, au kwa mwanamke wa jirani aliyejifungua juzi.

Kabla hujalipa hata shilingi, mchunguze mwalimu. Awe mkunga au muuguzi mwenye leseni. Awe amefanya kazi leba, tena si miaka 20 iliyopita tu. Awe anaijua hospitali unayokwenda, au yuko tayari kukuulizia. Na asiwe anauza kitu. Nilikutana na mmoja ambaye kila mada ilikuwa inaishia kwenye chai ya kulainisha njia, pakiti kwa pakiti. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu zinaweza kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mfuko wenyewe ukachanika. Mwalimu anayekuuzia kitu cha namna hiyo mwage, mtafute mwingine.

Panga tarehe kwa kuhesabu kurudi nyuma

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha nyuma miezi 3. Hedhi ikiwa ilianza 10 Machi, unatarajia 17 Desemba. Hiyo ni katikati ya shabaha tu. Mtoto kuzaliwa popote kati ya wiki ya 37 na 42 si ajabu. Kama siku za hedhi huzikumbuki vizuri, altrasaundi ya mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza hasa, hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko ile ya mwishoni.

Darasa lenyewe lianze karibu na wiki ya 28, uwe umemaliza wiki ya 36. Ukianza mapema sana utasahau. Ukianza wiki ya 37 unaweza kukuta somo la pili linafundishwa na mtoto mwenyewe.

Desemba hapa Moshi ina mambo yake. Nusu ya Dar es Salaam inarudi nyumbani kwa sikukuu, wenyewe tunaita "kuhesabiwa". Barabara za kupanda Machame, Kibosho na Marangu hujaa magari, bodaboda hupandisha bei, na nyumba hujaa shangazi wenye ushauri. Ukitarajia mwezi huo, maliza darasa Novemba na usafiri wako uwe umeshapangwa. Wa Machi hadi Mei nao wana masika: njia za udongo za mlimani huteleza, kwa hiyo somo la "lini niondoke nyumbani" lisikilize kwa masikio mawili.

Kwa aliyeajiriwa, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inakutaka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia, ukiambatisha cheti cha daktari. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Unaweza kuianza kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe hiyo. Barua hiyo iandike kabla ya wiki ya 27, usingoje mpaka darasa lianze.

Nenda na mtu atakayekuwepo kweli

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nusura nikosee.

Mume wangu alikuja darasani kwa moyo mmoja. Alijifunza kunisugua mgongo, kuhesabu uchungu, hata kumfunga mdoli nepi. Kipindi cha pili mkunga akamuuliza: "Baba kijacho, hospitali mnayokwenda wanaume wanaingia leba?" Tukatazamana. Hatukuwa tumeuliza. Nilipouliza nikajibiwa kwamba vitanda vimetenganishwa kwa mapazia tu, kuna kina mama wengine wamelala pale, kwa hiyo mwanaume hapana, ila msindikizaji wa kike inategemea zamu na wingi wa wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua, na vipo vituo hapa nchini vinavyoruhusu. Lakini pendekezo la Geneva na pazia la leba yako ni vitu viwili. Uliza mapema, uulize kwa upole, na umuulize mhusika wa wodi ya wazazi, maana wa mapokezi atakujibu anavyokisia.

Kipindi cha tatu nikaenda na mama mkwe. Nilikuwa na wasiwasi. Mama amezaa nane, wengine nyumbani, na ana msimamo juu ya kila kitu. Mkunga alikuwa mjanja: badala ya kumfundisha, akamwambia, "Mama, shikamoo. Hebu tusimulie wa kwanza alikujaje." Mama akasimulia dakika 20. Alipomaliza akawa mwanafunzi mtiifu kuliko wote. Aliposikia kwamba mtoto mchanga asiogeshwe mpaka yapite saa 24 ili asipigwe na baridi, aliguna, akaniuliza njiani mara tatu kama nimesikia vizuri, lakini siku ilipofika ni yeye aliyewazuia mawifi wenye beseni.

Mume asiachwe nje, hata kama leba haruhusiwi. Ana kazi zake, na darasa ndipo anapozipokea: pesa za akiba, gari, watu wawili walio tayari kuchangia damu ikihitajika, simu yenye chaji na salio, chakula cha kupeleka wodini, na kuwazuia ndugu wasijazane getini. Sheria ileile ya 2004 inampa mfanyakazi wa kiume siku 3 za likizo yenye malipo, akizichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache, kwa hiyo azipangie kazi.

Kama mume hayupo, yuko safarini, au mmeachana, usikose kliniki kwa kuogopa kuulizwa "mwenzako yuko wapi". Vituo vingine humtaka aliyekuja peke yake alete barua ya serikali ya mtaa. Binafsi naona ni usumbufu kumtuma mjamzito kwa mwenyekiti kueleza habari za nyumbani kwake, lakini ukiambiwa, ifuate siku hiyohiyo uendelee na huduma. Kupima na mwenza kuna faida yake, hasa VVU na kaswende. Ila asiyekuwa na mwenza naye ana haki ya kupimwa.

Yanayofundishwa, na namna ya kuyasikiliza

Takwimu za utafiti wa kitaifa zinaonyesha kwamba 2015-16 wanawake 63 kati ya 100 walijifungulia kwenye vituo vya afya. 2022 walifika 81. Maana yake kazi ya darasa imebadilika. Zamani mkunga alitumia muda mwingi kukubembeleza uende hospitali. Sasa unakwenda, swali ni utafanya nini ukifika.

Somo kubwa ni hatua za uchungu. Mwalimu wetu alikata miduara kwenye boksi la kadibodi, wa sentimita 1 mpaka 10, akaipitisha mkononi kwa kila mtu. Nilipoushika ule wa 10 ndipo nilipoelewa "njia imefunguka" maana yake nini: mlango wa kizazi unapaswa kufikia pale ndipo mtoto apite. Mwanzo huwa wa taratibu sana. Unaweza kuwa na uchungu wa kuja na kuondoka usiku kucha, ukapimwa ukaambiwa sentimita 2, na hapo hakuna kilichoharibika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahesabu uchungu wa nguvu kuanzia sentimita 5, tena unasema si lazima kila mwanamke afunguke sentimita moja kwa saa. Ningelijua hili mara ya kwanza nisingelia kila nilipoambiwa "bado".

Jifunze kuhesabu. Unahesabu tangu uchungu mmoja unapoanza mpaka unaofuata unapoanza, halafu pembeni unaandika huo mmoja umedumu muda gani. Kwa mimba ya kwanza, kwa mtu anayekaa mjini karibu na hospitali, uchungu ukija kila dakika 5, ukidumu kama dakika moja, kwa muda wa saa nzima, ondoka. Anayekaa juu mlimani, au aliyewahi kuzaa, asisubiri hapo. Na chupa ikipasuka, hata kama huna uchungu, nenda, ukiangalia rangi ya maji: ya kijani au kahawia yanaweza kuwa dalili kwamba mtoto amejisaidia tumboni, mwambie nesi mara tu ufikapo.

Kupumua ni somo linalochekesha mpaka siku utakapolihitaji. Vuta pumzi polepole puani, itoe mdomoni kama unapuliza uji wa moto. Ukiambiwa usisukume na mwili unataka kusukuma, pumua kwa pumzi fupifupi kama mtu aliyetoka kupanda kwa miguu mpaka Kibosho. Fanya mazoezi kila jioni, mkihesabu pamoja, mpaka uwe huwazi.

Mikao nayo ifanye kwa vitendo, usiangalie tu. Kutembea, kupiga magoti ukiegemea kitanda, kuchuchumaa ukishikiliwa, kulala ubavu wa kushoto. Msindikizaji akugandamize kwa kitako cha kiganja kwenye mfupa wa kiuno, juu kidogo ya makalio, kila uchungu unapokuja. Mume wangu alijifunza hili akawa bingwa, na kwa kuwa hakuruhusiwa ndani, alilifanya nyumbani saa 4 nzima kabla hatujaondoka. Ukifika leba huenda ukatakiwa kulala chali wakati wa kusukuma, maana ndivyo wengi walivyozoea. Unaweza kuomba mkao mwingine. Omba mapema, kabla ya hapo, kwa lugha ya heshima: "Sista, naomba kama inawezekana nilale ubavu."

Kuhusu dawa za kutuliza uchungu, mwalimu mkweli atakuambia wazi kwamba ile sindano ya mgongoni ya kuondoa uchungu wa kawaida wa kuzaa si kitu cha kukikuta kila hospitali. Usijenge mpango wako juu yake kabla hujauliza. Ganzi ya mgongo unayoweza kuisikia mara nyingi ni ya upasuaji.

Na upasuaji wenyewe usilifumbie macho somo lake. Darasani kwetu mama mmoja alisema, "Mimi hilo silitaki kusikia, nalikataa kwa jina la Yesu." Mkunga akamjibu taratibu kwamba kusikia si kuchagua. Tuliambiwa sababu za kawaida: mtoto kukaa vibaya, mapigo yake kushuka, njia kutofunguka, kondo la nyuma kuziba mlango, presha kupanda sana. Tuliambiwa kuna fomu ya kutia saini, mpira wa mkojo, na kwamba unaweza kuwa macho ukisikia mtoto akilia. Wawili katika kundi letu walipasuliwa, na yule mama alikuwa mmoja wao. Baadaye aliniambia kilichomsaidia ni kwamba alijua ule mpira ni wa nini.

Saa ya kwanza baada ya mtoto kutoka ina mambo mengi, na wengi hawaambiwi. Utachomwa sindano pajani ili mfuko wa uzazi ujikaze usivuje damu. Kitovu hakikatwi papo hapo. Hungojwa kama dakika 1 hadi 3 mtoto akiwa mzima. Mtoto anawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe na kofia. Ananyonya ndani ya saa hiyohiyo, yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, ambayo bibi zetu wengine waliyakamua wakayamwaga wakidhani ni machafu. Ndiyo kinga yake ya kwanza.

Dalili za hatari ziandike, ubandike jikoni, kila mtu wa nyumba azione:

Kutokwa damu ukeni. Kichwa kuuma sana kusikopoa, au kuona ukungu na vimulimuli. Uso na mikono kuvimba ghafla. Degedege. Homa kali. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia. Maji kutoka kabla ya wakati. Mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa.

Kwa lolote kati ya hayo hungoji kesho wala siku ya kliniki. Kuna namba 115, haina malipo. Ni ya mfumo wa m-mama, ambao ulizinduliwa kitaifa 2022: unapiga, wanakuuliza hali, wanatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu wanamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Uchungu wa kawaida tafuta bajaji yako.

Lipeleke darasa hospitalini kwako

Karibu na wiki ya 34 nenda ukaione wodi, au kama hawaruhusu kuingia, ongea na mtu wa humo. Haya ndiyo maswali niliyobeba kwenye kidaftari:

Usiku geti gani liko wazi? Msindikizaji anaruhusiwa wapi na mpaka wapi? Nije na vitu gani, na vipi vipo hapa? Ninaweza kunywa na kula kidogo wakati wa uchungu? Upasuaji unafanyika hapahapa au nahamishwa? Nikihamishwa, naenda wapi na kwa gari gani?

Hilo la mwisho ni muhimu kwa anayejifungulia kituo cha afya. Kama kliniki yako ni Majengo au Pasua, ujue mapema kama rufaa yako ni Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, au utapelekwa moja kwa moja KCMC, hospitali ya kanda iliyopo tangu 1971. Aliyekuwa na presha kwenye mimba iliyopita, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha au mwenye kisukari asing'ang'anie kituo kidogo kwa kuwa kiko karibu na nyumbani. Amuulize daktari wake atajifungulia wapi, na jibu liandikwe kwenye kadi.

Kuhusu vitu: kisera huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini kiuhalisia wengi huambiwa waje na vifaa. Mimi nilifunga begi wiki ya 35. Khanga doti 3, maana damu na maji havihesabiki. Mpira wa kulalia, glovu, pamba, pedi kubwa, vibana kitovu, beseni, ndoo ndogo, sabuni, nguo mbili za kubadilisha. Za mtoto: kofia, soksi, mashuka mepesi, blanketi, nepi za kitambaa. Chupa ya chai na kikombe. Usiku wa Juni na Julai hapa chini ya mlima una baridi kali, ongeza sweta lako na blanketi la pili. Nguo za mtoto nilizipata soko la Memorial kwa bei ya mtumba, nikafua kwa maji ya moto na kupiga pasi. Kadi ya kliniki iwekwe juu kabisa, si chini ya khanga.

Fanyeni mazoezi ya usiku mmoja

Kazi ya nyumbani tuliyopewa na mkunga ilionekana ya kitoto. Alisema: chagueni usiku, saa 8, jifanyeni uchungu umeanza. Mume wangu akaamka, akatafuta funguo dakika 10. Simu ya dereva wa bajaji ilikuwa imezimwa. Begi lilikuwa juu ya kabati na ngazi ilikuwa kwa jirani. Tulicheka sana, halafu kesho yake tukatafuta dereva wa pili, begi likashushwa, funguo zikapata msumari wake mlangoni.

Siku yenyewe ilipofika, saa 9 usiku, dereva wa kwanza hakupokea tena. Wa pili alipokea.

Somo la mwisho linakuja baada ya mtoto

Darasa zuri haliishii kwenye kusukuma. Liulize kuhusu siku zinazofuata. Uliyejifungua salama kwa njia ya kawaida unapaswa kukaa chini ya uangalizi angalau saa 24. Baada ya hapo mtoto na wewe mnaonwa tena siku ya 2 au ya 3, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Wengi hurudi wiki ya 6 tu, kwa sababu ya chanjo, wakiruka zile za katikati, ambazo ndizo za kukamata homa, damu nyingi na kitovu kilichooza.

Kitovu kiachwe kikavu. Si majivu, si mafuta, si mavi ya ng'ombe. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji wala uji mwepesi. Hapa wageni watakuja na mengi, na kwa mila za huku mzazi hukaa ndani akilishwa, akikandwa, hafanyi kazi. Mila hiyo ya kupumzika ninaipenda sana. Mtori ule, bakuli baada ya bakuli, ulinirudishia damu na maziwa yakajaa. Nilichokataa ni kukandwa kwa maji ya moto yanayounguza, na mama mkwe, aliyekuwa amesikia darasani, alinitetea.

Damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa, usaha wenye harufu, titi jekundu lenye joto, au ukijikuta unalia kila siku wiki ya pili ikipita na hutaki kumshika mtoto, rudi hospitali. Hilo la mwisho darasa letu lililitaja kwa dakika 5 tu, ningependa lingepewa saa nzima.

Siku ya kurudi fika mapema kama ulivyokuwa ukifika ukiwa na mimba, ubebe kadi zote mbili, yako na ya mtoto.